Kabati la Dishi

Askari kumi na wawili walikuwa wamepotea jangwani tangu juzi, na dishi la kambi, lililopaswa kuwatafuta kwa setilaiti, lilikuwa bubu. Koplo Sikudhani, fundi wa kambi, alisimama na koleo mbele ya kabati la mitambo. Mkataba na kampuni iliyouza dishi ulisema asiye mtu wake akikata lakiri, muhuri wa mlango wa kabati, atashtakiwa. Mtu wa kampuni angefika baada ya wiki mbili.

"Afande, maji yao yanaisha leo," alimwambia mkuu wake aliyesimama kando.

Meja Lukindo akalitwaa koleo mkononi mwake taratibu. "Wewe una watoto wa kusomesha, mama. Nipishe, nikate mimi."

Mlango ulipofunguka, Sikudhani alichungulia ndani. Nyigu walikuwa wamejenga humo ndani, udongo juu ya udongo, hata nyaya hazikuonekana. Na hapo mlangoni ilining'inia kadi ya ukaguzi, imetiwa saini ya kampuni kila mwezi kwa miaka minne.

"Mungu wangu! Walikuwa wanakagua nini?"

Meja alivua kofia yake, akaanza kuutoa udongo kwayo, huku Sikudhani akizitafuta nyaya kwa vidole, waya mmoja baada ya mwingine. Feni ndogo ya kupoza mitambo ikatikisika, ikamwaga vumbi, ikazunguka nusu, ikasita. Wote wawili wakazuia pumzi, wakisubiri dishi liamke.