Uso wa Mlinzi wa Saba

"Kidevu juu kidogo," mwenzetu Jicho alimwambia mteja, kisha akamsahau. Simu ilikuwa imelia mfukoni, na kwa mlio ule alijua ni kundi letu la mtandaoni.

Mteja alikaa kwenye kigoda cha studio, kidevu juu, akitazama kona ya dari kwa dakika nne nzima. Jicho alikuwa anatazama uso mwingine.

Tuseme ukweli: sisi ni watu wazima. Tuna ndevu, tuna presha, wengine tuna wajukuu, na tunakusanya midoli. Ukiiita midoli mbele yetu tutanuna siku tatu. Zile ni sanamu za mashujaa, na hazitolewi kwenye boksi. Siku hiyo kampuni moja ilitangaza kwamba imepata leseni ya kumtengeneza Mlinzi wa Saba, shujaa wa katuni tuliyoitazama utotoni, ambaye hakuwahi hata siku moja kuvua kofia yake ya chuma. Kofia ya sanamu hii ingevuliwa. Kwa mara ya kwanza tungeuona uso wake, na picha yake ndiyo iliyotumwa kundini.

Jicho aliusubiri uso huo kuliko sisi sote. Alipokuwa na miaka minane alitoboa matundu mawili kwenye ndoo ya maji ya mama yake, akaivaa kichwani, akachapwa, akaivaa tena.

"Uso huu wameutoa wapi?" aliandika kundini. "Mashavu ya mtu aliyenyimwa likizo. Macho ya mtu anayetafuta miwani aliyoivaa. Huyu anamlinda nani? Huyu ndiye wa kulindwa!"

Tulicheka mpaka basi. Na tukamwamini, maana nyuso ndiyo kazi yake. Miaka ishirini na mbili amepiga picha za pasipoti, na kila mteja akikabidhiwa picha yake hugoma, "Huyu si mimi," naye humwambia kwa upole kwamba ndiye.

Jioni alimwonyesha uso ule mkewe, ambaye hufanya naye kazi studio na alikuwa amekuja na picha za kukata nyumbani. Shemeji yake, mdogo wa mkewe, akachungulia simu, akapaliwa na chai, akakimbilia jikoni.

"Unaona? Hata shemeji ameshindwa kuvumilia."

"Mimi naona uso mzuri tu," mkewe alisema. "Una upole."

"Upole! Mke wangu, Mlinzi wa Saba alivunja lango la chuma kwa bega. Huyu akikuta mlango umefungwa atageuza arudi kwao."

"Hebu mtazame vizuri."

"Nimemtazama kutwa. Nimemkuza mpaka nikaona matundu ya pua."

Mkewe akangoja kidogo, mkasi hewani. Alipoona hakuna jingine, akaendelea kukata picha.

Kesho yake Jicho akaanzisha ombi la mtandaoni: uso ufutwe, kofia igandishwe kwa gundi, shujaa abaki na siri yake. Tulisaini kwa fujo. Mimi nilisaini mara mbili, ya pili kwa simu ya mama mkwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameishika sanamu yenyewe, lakini hilo halijawahi kutuzuia. Katika wiki mbili saini zilipita elfu mbili, na kampuni ikakaa kimya.

Jicho akakosa raha. Chakula hakipiti. Wateja akawapiga picha wamefumba macho, wakarudi wakali, akawapiga tena wamefumba macho.

Jumapili mchana mkewe alikuwa anakunja nguo. "Kwani wakiuacha uso ule, wewe utapoteza nini?"

"Nitampoteza yeye," Jicho alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa anatania. "Nilimpenda tangu sijui kufunga kamba za viatu. Miaka yote nimejiambia ndani ya kofia ile kuna mtu wa ajabu. Sasa waje waniambie ni mtu wa hivi hivi tu? Mtu unayepishana naye sokoni?"

Mkewe akaacha kukunja shati lililokuwa mkononi.

"Ungefurahi kweli wakiufuta?"

"Kuliko siku yoyote ya maisha yangu."

"Kuliko siku ya harusi yetu?"

"Mke wangu, usianze."

Mkewe akacheka kidogo, akaweka nguo chini, akachukua simu yake na kwenda kukaa kibarazani. Alikuwa anaandika kitu kirefu. Jicho hakuuliza; alikuwa anahesabu saini.

Jumatatu asubuhi kampuni ilijibu. Jicho hakuwa na subira ya kuandika, akaturekodia ujumbe wa sauti akilisoma tangazo palepale studio, huku mteja akisubiri kigodani.

"'Tumewasikia,'" alisoma, na sauti ilijaa ushindi. "'Uso umefutwa. Kofia itagandishwa na haitavuliwa tena.' Mmesikia? Haitavuliwa tena!" Tulimsikia akipiga makofi, na mteja naye, kwa adabu tu, akapiga. "Ngojeni, kuna aya nyingine. 'Uso ule ulitokana na shindano letu la mwaka jana, ambapo mke mmoja alitutumia picha za mumewe, mpiga picha za pasipoti, ili siku moja amshangaze kwa zawadi. Tusingeweza kuufuta bila ruhusa yake. Alitupa ruhusa hiyo jana mchana, akisema hajawahi kumwona mumewe akitaka kitu kiasi hicho.'"