Kumtakia Mema Shakila

Alipofika kwenye jina la Shakila, Yuliana aling'ata meno.

"Shakila awe salama," alisema, macho ameyafumba, uso ameuelekeza kwenye ua wa jirani. "Awe na afya. Awe na amani."

Hilo la amani lilimkwama kooni, ikabidi alikohoe.

Hakuwa amerukwa na akili. Alikuwa mgonjwa wa presha, na presha yenyewe ililetwa na cherehani. Tangu iibwe chumbani mwake mchana kweupe, siku aliyokwenda kupalilia mikorosho, hakushona, hakulala, na nusu ya kijiji cha Chiungutwa ilikuwa ikimdai sare za shule. Mwizi alibeba mpaka kichupa cha mafuta ya cherehani kilichofichwa ndani ya chungu. Siku hiyo jirani aliyebaki nyumbani alikuwa Shakila peke yake, akikaanga vitumbua, naye alisema hakuona mgeni yeyote. Kwa Yuliana kesi ikaishia hapo.

Ethel, nesi wa zahanati, alimpima, akaguna, akamwambia vidonge havimfai mtu anayelala kitanda kimoja na hasira. Akamfundisha zoezi la akili alilolipata kwenye semina: kila asubuhi ukae, ufumbe macho, upumue polepole, ujitakie mema wewe mwenyewe, kisha umtakie unayempenda, mwisho yule aliyekukaa rohoni. Wengine wananyoosha viungo, alisema, wewe utanyoosha moyo. Alikusudia lifanyike kimyakimya, ila hakutamka hivyo, na Yuliana, mtu wa rozari tangu utotoni, hakujua sala isiyo na sauti.

Jina lake mwenyewe alilipitisha haraka, kwa aibu. La mdogo wake, Wema, ndilo lililokuwa tamu. Wema ndiye aliyelia naye siku ya wizi, ndiye aliyempikia uji, ndiye wa kwanza kuinyooshea kidole nyumba ya Shakila. Akimtaja huyo, mabega ya Yuliana yalilegea yenyewe.

Kijiji hakikukawia kupata maelezo yake. Mtu aamkaye alfajiri, akafumba macho, akataja majina ya watu huku akiyumbayumba, anafanya nini kama hasomi albadiri? Yuliana ni Mkatoliki, albadiri haijui hata herufi yake moja, lakini hofu ya albadiri haiulizi dini. Kazi yake inajulikana: msafi humwacha, mwizi humvimbisha tumbo. Waendesha bodaboda wakaanza kupunguza mwendo wakipita pale, wamtazame Shakila tumbo.

Tumbo la Shakila halikuongezeka. Siku moja alisogea uani kwa Yuliana na sinia lake la vitumbua.

"Mama Anthony, nasikia unanisomea," alisema. "Soma tu. Na upaze sauti, niitikie amina."

Yuliana aliuona huo ni ujeuri wa mwizi aliyekubuhu. Hakumsahihisha. Kumtakia mtu mema, alijiambia, hakumzuii kumwacha ahangaike kidogo.

Kisha Wema akaacha kuja. Habari zikafika kwamba hali, halali, tumbo limemjaa hana hata pa kupitishia maji. Yuliana hakuhitaji mganga wa kumweleza: Shakila amemshindwa dada, amemgeukia mdogo. Chuki ilimchemka mpaka masikio yakavuma. Lakini Ethel alishasema chuki ndiyo ugonjwa wenyewe, na Yuliana aliogopa kufa. Kwa hiyo akafanya kile alichofundishwa, tena akakizidisha. Shakila alimweka kando, zoezi lote akampa mdogo wake, asubuhi na jioni, kwa sauti iliyofika mpaka nyumba ya Wema, ambayo ni ya tatu kutoka hapo.

Hali ya Wema ikazidi kuwa mbaya.

Ndipo Yuliana alipojifunga kanga akaenda mwenyewe. Alimkuta kwenye mkeka, jasho linamtoka. Alipomwona dada yake, Wema alijivuta nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani. Maumivu hayo, aliwaza Yuliana, na machozi yakamdondoka. Alijua sasa kwamba anampenda huyu kuliko cherehani zote za dunia. Akakaa, akamwekea viganja viwili tumboni, akafumba macho.

"Wema," alianza. "Wema awe..."

"Inatosha, dada." Wema aliishika ile mikono kwa nguvu zote zilizombakia. "Usinimalize. Cherehani yako iko Nanganga, kwa wifi yangu. Twende tukaichukue sasa hivi, nikiwa bado hai."