Wigi ya Jumamosi

Mzee Kailemia aliinusa wigi ya tano, akakunja uso, kisha akaipapasa kwa kidole gumba taratibu, kama mtu anayembembeleza sungura. Kendi, mwenye duka, aligeuza macho. Miaka tisa ya kuuza nywele mjini Meru ilikuwa imemzoesha harufu ya gundi kuukuu na ya nywele zilizopigwa pasi. Kidole kile hakikuzoeleka.

"Hiyo inakaa kama paka aliyenyeshewa," alisema Gacheri, binti wa mzee.

Alikuwa karani katika ofisi ya ardhi, mwenye umri wa miaka ishirini na saba, na alikuwa amefunga kilemba kilichombana hadi kwenye nyusi. Tangu waingie kutoka Githongo hakuwa ameketi wala kugusa chochote. Kendi alidhani ameelewa. Wateja waliofunga vilemba namna ile walikuwa wengi: waliokatika nywele kwa dawa kali, kwa ugonjwa, kwa kusukwa kwa nguvu tangu utotoni. Hawakupenda kuulizwa.

"Sherehe ni lini?" aliuliza kwa upole.

"Jumamosi tunaonana na wakwe wa Siakago," mzee alijibu. "Wale watu wakijua kuna kipara hapa, hiyo ndoa imekwisha. Tayari wameanza kuulizia umri. Na kabla ya chakula kuna sala, na sala yao ni ndefu. Vichwa wazi."

"Ni kudanganya, Baba," Gacheri alisema.

"Nimekuleta uchague. Sikukuleta unihubirie."

"Mama angekuwa hai, hatungekuwa hapa."

Kendi alikwisha kuwaona akina baba wa namna hii, wanaoficha kasoro ya binti kama mfugaji anayeficha chuchu iliyokufa ya ng'ombe siku ya kumuuza. Lakini kazi ni kazi. Akapanga mezani vichwa vitatu vya plastiki, kila kimoja na wigi yake.

"Hii ni klosha," alisema. "Wavu wake ni kipande kidogo tu, hapa utosini. Haisumbui kuvaa, ila hapa mbele lazima nywele zifunike paji la uso, la sivyo mshono utaonekana. Hii nayo ni frontali. Wavu unatoka sikio hadi sikio, kwa hiyo unaweza kuchana kwenda nyuma. Na hii ni lesi nzima. Kila unywele umefungwa kwa mkono kwenye wavu. Upepo ukivuma, zinapeperuka kama zimeota."

"Na mtu akikaa karibu? Hivi?" Mzee alisogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa wavu. Mate kidogo yakaruka. Kendi akayapangusa kwa kitambaa, kisha akakitupa kitambaa chenyewe.

"Wavu ukiwa mwembamba, na rangi yake ikilingana na ngozi, hataona kitu. Kinachofichua ni vifundo, hivi vidoa vyeusi kwenye mizizi. Hivyo nitavipausha."

"Akigusa?"

"Nani atagusa, mzee?"

"Si ni ndoa?" Mzee alicheka, akaonyesha meno yaliyopakwa rangi na miraa ya miaka mingi.

Gacheri aliziba mdomo kwa kiganja. "Nitatapika, Baba. Nakuambia ukweli."

"Tapika nje." Akazigeukia tena wigi za mezani. "Lakini zote hizi ni ndefu. Hizi ni za waimbaji wa baa. Nataka fupi. Ya kawaida."

"Fupi kwa siku kama hiyo? Na picha je?"

"Fupi."

Kendi aliingia chumba cha nyuma, akatoka na lesi nzima iliyokatwa chini kabisa, wavu wake mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Mwanamke mmoja aliyeirudisha wiki iliyopita alikuwa ameacha utando wa poda na jasho ukingoni, na Kendi alikuwa ameusugua kwa spiriti mpaka vidole vikamchubuka. Sasa ilikuwa safi. Hata hivyo, mzee alipoichukua na kuibeba kwenye viganja vyote viwili, akiipulizia pumzi ili aone nywele zikisimama, ilionekana tena kama kitu kilichotolewa mtaroni.

"Hii," alinong'ona. "Hii ndiyo yenyewe."

Akaenda nayo dirishani kuitazama kwenye mwanga. Kendi alipata nafasi. Akamsogelea Gacheri.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "hakuna anayelazimishwa siku hizi. Ukitaka kukataa, kataa. Mlango wa nyuma haujafungwa, na mimi sijaona kitu."

Gacheri alimtazama kwa mshangao, kisha kwa huruma.

"Nimekataa tangu Aprili," alisema. "Nimekataa mbele ya wajomba, nimekataa mbele ya mchungaji. Hataanza kunisikia leo."

"Basi pole, mpenzi. Kaa hapo kwenye kiti nikupime." Kendi akafungua futi yake ya kitambaa. "Angalau nikutengenezee kitu ambacho hakitakuaibisha."

Ndipo Gacheri alipocheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Akafungua fundo la kilemba. Nywele zake mwenyewe, nyeusi na nzito, zikamwagika hadi mabegani.

Nyuma yao kiti kililia. Mzee Kailemia alikuwa amekwisha kuketi mbele ya kioo, kofia yake magotini, utosi wake mtupu uking'aa chini ya taa.

"Bibi harusi anaitwa Ruguru," Gacheri alisema. "Tulikaa dawati moja miaka minne."