Mwaka Bila Pole

Hivi wewe, mtu akijikwaa mbele yako, unaweza kweli kukaa kimya? Mwantumu alilazimika kujifunza. Sheria ilitaka anayeomba talaka aishi na mwenzake mwaka mzima, nyumba moja, bila kumwonea huruma. Kidude cha serikali kilichobandikwa juu ya kabati la vyombo kilitazama na kusikiliza. Likimtoka neno moja laini, au akinyoosha mkono wa msaada, mwaka unaanza upya.

Mumewe, Semboja, hakutaka kuachika. Mwaka wa kwanza alijikwaa kizingitini kwa makusudi, Mwantumu akasema "pole" hata hajafikiri. Mwaka wa pili kilimponza kikohozi tu cha Semboja.

Huu wa tatu ulikuwa unaisha leo adhuhuri. Semboja akaingia jikoni, akaipua sufuria ya uji uliokuwa ukitokota.

"Mama Zahara, umenuna! Hata salamu?"

"Uji wako huo. Kunywa."

Akacheka kidogo, akamtazama, kisha akaiinamisha sufuria juu ya mguu wake mwenyewe.

Yowe likamtoka, akaanguka. Ngozi ikaanza kuvimba malengelenge. Ndoo ya maji ilikuwa pale pale, karibu na Mwantumu. Akaung'ata upindo wa kanga.

"Nakufa, Mama Zahara! Hata pole moja?"

Mwantumu akatikisa kichwa, machozi yakimchuruzika, macho yake kwenye kidude.

Hatimaye kikalia. "Ndoa imevunjika," sauti tulivu ikasema. "Hongereni."

Mwantumu akachota maji, akapiga magoti, akammwagia mguuni.

"Pole," akasema. "Pole, pole, pole sana."