Kidole cha Bosi

Kitambaa kilichofunika picha ya bosi kilipoanguka, studio nzima ilipiga makofi, isipokuwa Orville, aliyeichora picha yenyewe. Yeye ndiyo kwanza alikuwa ameuona mkono wa bosi pale ukutani. Ulikuwa na vidole vinne.

Mwaka mzima Orville alikuwa akimchora dubu wa katuni, na wanyama wa katuni pale Hollywood hupewa vidole vinne tu, maana cha tano ni kazi ya kurudia mara elfu. Mkono wake ulishazoea. Hata angepewa malaika amchore, angemnyima kidole.

"Umemkata bosi kidole," jirani yake alimnong'oneza.

"Nyamaza, huenda asione."

"Kavaa miwani, kaka. Ataona."

Na ilikuwa Desemba, mwezi ambao bosi huamua nani abaki na nani akachore maboksi ya sabuni. Orville aliipenda studio ile, pamoja na kahawa yake mbaya.

Bosi aliisogelea picha. Alivua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa tena. Aliutazama mkono wa pichani, kisha wa kwake, kwa utulivu wa daktari anayetafuta mfupa uliovunjika.

"Orville, hebu njoo."

Orville alikwenda.

Bosi hakucheka. Alimnyooshea mkono wa kulia kumpongeza mbele ya watu wote, kwa heshima kubwa, kidole cha mwisho amekikunja kabisa ndani ya kiganja.