Mstari wa Chaki

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka lake la dawa, Bi Sikudhani alichora upya mstari wa chaki katikati ya rafu. Kulia zilikaa dawa za cheti cha daktari, zilizosamehewa kodi. Kushoto zilikaa sabuni, mafuta na asali, na kodi yake aliilipa bila kinyongo.

Siku hiyo alikuja mkaguzi wa kodi, Bwana Mbwelwa, akikohoa tangu mlangoni. Akaikuta chupa moja ya asali imekaa kulia.

"Mama, hii imevuka mpaka. Kwa kosa hili naweza kukufutia msamaha wote."

Bi Sikudhani akamwonyesha cheti alichokibandika kwenye chupa. Daktari alikuwa amemwandikia mzee mmoja asali, kijiko kimoja kutwa mara tatu.

"Sheria inasamehe kilichoandikwa na daktari, mwanangu. Mimi sikuandika."

Mkaguzi alitaka kujibu, kikohozi kikamkaba mpaka machozi yakamtoka. Bi Sikudhani akachukua chupa nyingine kutoka kushoto, akajaza kijiko, akamnywesha kama mtoto. Kifua kikatulia.

"Sasa hiki nilichokunywa," mkaguzi akauliza kwa sauti ya chini, "ni cha upande gani?"

Bi Sikudhani akacheka, akamkabidhi chaki.

"Chora wewe."

Bwana Mbwelwa akasimama mbele ya rafu, chaki mkononi, bado akilamba midomo.