Kanda ya Majaribio

Lebo ilibanduka kirahisi kuliko alivyotarajia. Fundi, kama kila mtu kazini alivyomwita, alikuwa amejiandaa kwa wembe na maji ya moto, lakini gundi iliachia kwa ukucha tu. Akaihesabu kuwa bahati, kitu ambacho familia yao haikuwa na mazoea nacho.

Ilikuwa Jumatano, saa saba mchana, na wenzake walikuwa wakila. Chumba cha hifadhi kilikuwa na baridi kama ya chumba cha maiti, kwa faida ya mitambo, si ya watu. Ukutani lilisimama kabati refu la vioo. Ndani yake mkono wa chuma ulipanda na kushuka ukichukua kanda za data, kila moja kama kitabu kidogo cha plastiki, kuzipeleka kusomwa au kufutwa, na kuzirudisha mahali pake. Mkono huo haukujua ndani ya kanda mna nini. Ulisoma mistari ya lebo, ukaamini. Katika hilo haukutofautiana sana na tume za uchunguzi.

Kanda namba 417 ilibeba picha za kamera za ukumbi wa kushonea, za siku ile ya moto, miezi saba iliyopita. Watu tisa walikutwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa mnyororo. Kampuni ilitangaza kwamba mnyororo uliwekwa na mshonaji mmoja aliyetaka kuiba vitambaa, na kwamba mshonaji huyo alikuwa miongoni mwa wale tisa, jambo lililoipunguzia kampuni kazi ya kumhoji. Alikuwa mdogo wake Fundi, tumbo moja, baba mbalimbali. Majina yao hayakufanana, na ofisini hakuna aliyewahi kuuliza. Mtaani ndiko walikojua. Tangu mazishi, zile familia nane hazikuitikia salamu ya mama yao. Mama aliendelea kuwasalimu.

Tume ya kuuchunguza moto ingefika kesho asubuhi. Leo saa tisa, kwa amri ya Meneja, kanda 417 ingeingizwa mtamboni ifutwe, "kwa utaratibu wa kawaida."

Chumbani mlikuwa na kanda moja tu isiyofutwa kamwe: ya majaribio. Ilikaa kwenye droo, imejaa data zisizo na maana, ikingoja siku ambayo mtambo ungegoma na kuhitaji kupimwa. Hakuna utaratibu ulioigusa. Mtu yeyote wa kazi hii aliyetaka kuficha kitu angeanzia hapo.

Fundi aliibandika kanda ya droo lebo ya 417, akaiweka mezani tayari kwa kufutwa. Ile iliyotoka rafuni akaivika lebo ya majaribio, akaifungia kwenye droo. Angependa kuziangalia kwanza, ahakikishe, lakini kila kanda iliyosomwa iliacha kumbukumbu mtamboni, na kumbukumbu hizo Meneja alizipitia kila jioni.

Hakumwambia Redio. Redio alikuwa mzee waliyeshirikiana naye chumba, aliyepewa jina hilo kwa sababu hasemi. Alikuwa ameitumikia kampuni miaka ishirini na miwili, na siku kampuni ilipomtaja mshonaji mwizi, alitikisa kichwa akaendelea kufuta vumbi. Kikulacho ki nguoni mwako.

Alirejea saa nane, akiwa na kijiti mdomoni.

"Umekula, binti yangu?"

"Nimeshiba, mzee."

"Shibe ya hewa hiyo," alisema Redio, na kwa kawaida hayo yangekuwa maneno yake ya siku nzima.

Saa tisa kamili Meneja aliingia, koti begani.

"Redio! Leo kuna habari gani?"

"Hali ya hewa ni nzuri, bosi."

"Na wewe, Fundi, mbona unatetemeka?"

"Baridi, bosi. Uliahidi makoti mwaka juzi."

"Na ahadi iko palepale." Meneja aliichukua kanda kutoka mezani, akaisoma namba mara mbili, akapitisha kidole juu ya lebo. "Ingiza."

Fundi aliisukuma kwenye tundu la kabati. Mkono wa chuma ukashuka, ukasoma, ukaamini. Kioo cha kompyuta kikaanza kuhesabu: moja kwa mia, mbili kwa mia. Meneja alivuta kiti akakaa kama anayetazama mpira.

Ilichukua saa nzima. Walipofika sitini, Fundi aligundua kwamba ana njaa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi saba. Walipofika themanini, alikuwa amekwisha kuwaketisha wajumbe wa tume mbele ya picha, amewaonyesha mkono ulioshika mnyororo, na amemrudisha mama yake nyumbani kwa njia ndefu, ile inayopita milango yote minane.

*Imefutwa*, kioo kiliandika.

"Utaratibu ni utaratibu," alisema Meneja. Alitia sahihi, akaondoka akipiga mluzi.

Redio aliinuka. Alifunga mlango kwa ufunguo, akazisikiliza hatua za Meneja mpaka zilipoishia ngazini. Alipogeuka, alikuwa akitabasamu, jambo ambalo Fundi hakuwahi kuliona.

"Binti yangu, najua unanichukia kwa kunyamaza kwangu. Una haki. Lakini wale vijana tisa walikuwa wakinisalimia kila asubuhi." Aliigonga droo kwa vidole, taratibu. "Kesho tume wakifika, wape kanda ya majaribio. Moto wote umo humu. Yule bwana amekaa saa nzima akitazama takataka zikifutwa. Lebo nilizibadilisha mwenyewe, tangu Jumatatu."